Kukwama kwa Diski ya Usakinishaji: Istilahi na Utambuzi wa Hitilafu

Diski ya usakinishaji ni diski inayobeba mfumo endeshi ambao bado haujakaa katika kompyuta, pamoja na programu ndogo ya kuuhamishia kwenye diski kuu ya mashine na kuupatanisha na vifaa vilivyomo. Kitenzi sakinisha, ambacho shina lake ni sakini, yaani kukaa mahali, kinafaa kwa kazi hii kwa sababu kunakili faili peke yake hakutoshi: mfumo lazima utambue mahali ulipohamia. Diski hiyo ikifunguliwa, ikaongezwa viraka vya kurekebisha kasoro, viendeshi vya vifaa na majibu ya maswali yaliyoandikwa mapema, kisha ikafungwa upya na kuchomwa, huwa si diski ya asili tena. Makala haya yanaiita diski iliyochopekwa, na kazi ya kuiandaa yanaiita uchopekaji.

Istilahi ya Kiingereza ya kazi hiyo, slipstreaming, ina taswira ya mkondo wa hewa unaoachwa nyuma ya chombo kinachokwenda kasi. Msomaji wa Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret ambako malori ya mizigo hupita usiku na mchana, anaujua vizuri upepo huo, lakini haumwelezi chochote kuhusu kinachofanyika ndani ya diski. Kuchopeka, yaani kutia kitu katikati ya vingine vilivyokwisha kupangwa, kunaeleza kazi yenyewe na pia kunadokeza hatari yake, kwa kuwa kilichotiwa baadaye ndicho cha kwanza kushukiwa mambo yanapoharibika.

Haja ya uchopekaji ni ya kweli katika miji midogo ya barabara hiyo. Kompyuta nyingi zinazofika katika shule na ofisi za Bonde la Ufa la kati ni zilizotumika kwanza kwingine. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanza mwaka 2002, lilijenga kazi yake juu ya ukarabati wa mashine za aina hiyo. Maabara moja huweza kuwa na mashine za viwanda vitatu au vinne, kila moja ikidai viendeshi vyake. Kifurushi cha tatu cha viraka vya Windows XP, kilichotolewa mwaka 2008, kilizidi megabaiti 300, na kukipakua upya kwa kila mashine kwa bando la simu kulikuwa gharama ambayo mwalimu hakuweza kuibeba. Fundi alipokichopeka mara moja, diski moja ilitosha chumba kizima.

Diski hiyo inaposhindwa katikati ya kazi, lugha ya karakana nayo hushindwa. Kiswahili cha kompyuta kimekua zaidi upande wa mtumiaji: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na Microsoft nayo ikaandaa sura ya Kiswahili ya Windows. Maneno ya menyu na vitufe yalipatikana, lakini ya kueleza hitilafu hayakushughulikiwa kwa bidii hiyo hiyo, na hilo ni pengo kubwa, kwa sababu anayefundishwa kutengeneza mashine huhitaji maneno makali kuliko anayefundishwa kuandika barua. Fundi husema tu kwamba mashine imekwama. Hata hivyo Kiswahili kina hazina ya kutosha kutenganisha hali ambazo hazifanani hata kidogo. Mashine hugoma pale inapokataa kuanza kabisa kutoka kwenye diski. Huganda pale ambapo hakuna kinachosogea tena, si kishale wala taa ya kitufe cha herufi kubwa. Hukwama pale kazi inaposimama ilhali mashine ingali hai. Iko hali ya nne inayosahaulika mno, nayo ni kungoja: programu imeuliza swali ambalo halionekani kwenye skrini, na itasubiri jibu milele.

Windows XP, iliyotoka tarehe 25 Oktoba 2001, ni mfano wenye manufaa kwa sababu hatua zake huonekana wazi. Kwanza huja hatua ya maandishi, ambapo viendeshi hupakiwa kimoja kimoja na majina yao kupita chini ya skrini ya buluu, kisha kiini cha mfumo huanzishwa. Kikianza bila kiendeshi cha kidhibiti cha diski kuu, kama ilivyotokea mara nyingi kwa mashine za SATA, skrini huonyesha kosa 0x0000007B. Diski imesomwa vizuri, ila kiini hakioni mahali pa kukaa. Kama mashine inaganda hapo bila ujumbe wowote, mgogoro huenda uko kati ya kiini na utaratibu wa ubaomama wa kusimamia umeme, na kubonyeza F7 mapema, mstari wa kualika kubonyeza F6 unapotokea, huuruka utaratibu huo. Faili likikataa kunakiliwa, mshukiwa ni diski iliyochomwa vibaya, kisoma diski kilichochakaa au kumbukumbu mbovu.

Hatua ya picha ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo inayowachosha mafundi wengi. Skrini hutangaza kwamba zimebaki dakika 39, na inapofika 34 mfumo huanza kukagua na kuamsha vifaa. Kiendeshi kilichochopekwa kisichoafikiana na kifaa chake huikwamisha kazi hapo hapo. Wakati mwingine kiendeshi ni kizima, ila hakina sahihi inayotambuliwa na Microsoft. Mfumo unataka kuuliza kama uendelee, lakini faili la majibu, ambalo huitwa winnt.sif, limeuamuru usimwonyeshe mtu swali lolote, na hivyo mashine inangoja huku fundi akiamini imeganda. Kabla ya kuizima, inafaa kubonyeza Shift na F10 kwa pamoja: dirisha la amri likifunguka, mashine haijaganda. Kupitia dirisha hilo, faili la setupapi.log katika folda ya Windows husomwa kutoka mwisho, kwa kuwa maandishi yake ya mwisho kwa kawaida hutaja kifaa kilichokuwa kikishughulikiwa kazi iliposimama.

Kupata chanzo hakuhitaji kubahatisha. Diski ya asili hujaribiwa kwenye mashine ile ile. Ikimaliza kazi, vifaa havina hatia na kosa liko katika uchopekaji au katika uchomaji. Uchomaji huchunguzwa kwa kulinganisha alama za uhakiki za faili kuu na za nakala, na kwa kuchoma tena kwa kasi ndogo. Viongezo huchunguzwa kwa kugawa nusu kwa nusu: vikiwa 16, na kimoja tu kati yavyo ndicho kibovu, majaribio manne yanatosha kukitaja. Jaribio ndani ya kompyuta ya kuigiza husaidia kuona kama faili la majibu ni sahihi, lakini halithibitishi viendeshi, maana vifaa vya kuigiza si vile vilivyo mezani.

Mifumo iliyofuata ilibadilisha mahali pa kosa bila kuliondoa. Tangu Windows Vista, mfumo husafiri ukiwa faili moja kubwa, install.wim, ambalo likinenepa kwa viongezo na kupita gigabaiti 4 haliwezi kukaa kwenye flashi ya mpangilio wa FAT32. Windows 7 haikuja na viendeshi vya USB 3.0, hivyo kwenye mashine zilizokuja na milango ya namna hiyo peke yake, kibodi na kipanya hufa mara tu usakinishaji unapoanza, na asiyejua hudai kwamba diski imeganda. Kwa Ubuntu, skrini nyeusi mwanzoni mara nyingi hutokana na kiendeshi cha picha, na neno nomodeset likiongezwa kwenye mstari wa kuanzisha huruhusu kazi kuendelea.

Walimu wa somo la kompyuta na wakufunzi wa vyuo vya ufundi vya Nakuru na kwingineko wanaombwa wasiikubali ripoti ya kwamba mashine imekwama mpaka itajwe imekwama katika hatua ipi, kishale kinasogea au la, na ni nini kilichoonekana mwisho kwenye skrini. Naye fundi anayechopeka diski aandike juu yake tarehe na orodha ya alivyoongeza, na diski ya asili asiitupe.