Shilingi kwa Shilingi: Habari ya Fedha Zilizojenga Misikiti na Shule za Waislamu wa Uganda

Mtu aingiapo katika msikiti wa Kibuli siku ya Ijumaa huitazama minara na kuba, na aghalabu haulizi saruji ile ilinunuliwa kwa fedha za nani. Swali hilo si la utovu wa adabu. Habari za Waislamu wa Uganda tangu mwanzo wa karne ya 20 zaweza kusomwa katika daftari za hesabu sawasawa na zisomwavyo katika maisha ya masheikh: nani alitoa, alitoa kwa sharti gani, na kitu kilichotolewa kiliandikwa kwa jina la nani. Hilo la tatu ndilo lililoleta taabu kuliko yote, na chanzo chake ni ardhi.

Mwaka 1900 Waingereza walifunga mkataba na wakuu wa Buganda, na katika mkataba huo nchi iligawanywa kwa maili za mraba. Waislamu wakati huo walikuwa wameshindwa katika vita vya dini vilivyoanza mwaka 1888. Kiongozi wao, Omulangira Nuhu Mbogo, ndugu yake Kabaka Mutesa wa Kwanza, alikuwa amepelekwa Unguja mwaka 1893 na kurudishwa mwaka 1895. Katika ugawaji alipewa maili 24 za mraba, kwa ajili yake mwenyewe na wafuasi wake. Jumuiya tatu za wamisionari zilipewa maili 92.

Wengi huzitaja hesabu hizi mbili na kulalamika kwamba ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Ni kweli, lakini tofauti iliyo nzito zaidi haikuwa katika ukubwa. Ardhi ya makanisa ilishikwa na jumuiya kama amana kwa ajili ya Wakristo wa nchi. Jumuiya haifi, wala haina warithi wa kugawana. Ardhi ya Waislamu iliwekwa mkononi mwa mtu mmoja, akiwa mwema na mwenye kuaminiwa, lakini mtu. Sheria ya Kiislamu inayo njia yake ya kuifunga mali isiuzwe wala isirithiwe, nayo ni wakfu. Ila mkataba wa 1900 haukuandika wakfu, uliandika jina. Tangu siku hiyo, kila jengo la Waislamu wa Buganda lilingojea ukarimu wa mrithi.

Kwa bahati njema mrithi alikuwa mkarimu. Mbogo alifariki mwaka 1921, na mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907, alikuwa bado kijana mdogo. Alipokua alitoa sehemu ya ardhi yake juu ya kilima cha Kibuli kwa msikiti na shule. Jiwe la msingi la msikiti liliwekwa mwaka 1941, na msikiti ukafunguliwa mwaka 1951. Miaka kumi kwa jengo moja! Lakini kipindi hicho kilikuwa na vita kuu ya dunia ndani yake.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo jingine lililowabana Waislamu, nalo ni ruzuku za serikali kwa shule. Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika ya Mashariki mwaka 1924. Idara ya elimu ya Uganda ikaundwa mwaka 1925, na sheria ya elimu ikatungwa mwaka 1927. Kutoka hapo serikali ilisaidia kwa fedha shule zilizotimiza masharti: ziwe na mwalimu aliyefundishwa ualimu, zifuate mafundisho yaliyokubaliwa, zikaguliwe. Shule za misheni zilikuwa tayari na vyuo vya kuwafundisha walimu. Chuo cha Kurani chini ya mwembe, chenye mwalimu aliyejua dini yake vizuri lakini hana cheti cha idara, hakikupata kitu. Basi Waislamu wakazunguka katika duara: hapana ruzuku kwa kuwa hapana walimu, na hapana walimu kwa kuwa hapana ruzuku ya kuwasomesha. Wazazi wengi hawakutaka kumtia mtoto katika shule ya misheni kwa kuogopa asibadilishwe dini na jina. Vijana wao wakawa wachinjaji wa nyama, madereva, na wachuuzi wa maduka madogo, ilhali wenzao walikwenda Makerere, iliyofunguliwa mwaka 1922, na wakatoka huko makarani, waganga na walimu.

Haifai kuitupia serikali lawama yote. Baada ya kufa Mbogo, Waislamu walifarikiana. Walianza kwa mas'ala ya sala, kama baada ya sala ya Ijumaa isaliwe adhuhuri au isisaliwe, na ugomvi ukaingia katika uongozi. Wengine wakawa wa Kibuli, wengine wa Bukoto na Nateete chini ya Sheikh Abdallah Ssekimwanyi. Mtoaji wa fedha, awe ofisi au tajiri, kwanza hutaka kujua ampaye ni nani na nani atatia sahihi. Watu wenye milango miwili ya kuingilia hukaribishwa katika wa kwanza, kisha huulizwa habari za wa pili. Suluhu ilipopatikana katika miaka ya 1940, na jumuiya ya elimu ya Waislamu wa Uganda ilipoundwa katika miaka hiyo hiyo, idara ya elimu ikapata mtu wa kusema naye. Fedha zilifuata nyuma ya suluhu, hazikuitangulia.

Hapo ndipo inapoingia Jumuiya ya Maslahi ya Waislamu wa Afrika ya Mashariki. Iliundwa Mombasa mwaka 1945 kwa wito wa Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, na makao yake yakawa Mombasa. Omulangira Kakungulu alikuwa miongoni mwa viongozi wake kwa upande wa Uganda. Makusudio yake yalikuwa misikiti, shule na maslahi ya Waislamu Waafrika, na njia yake ilikuwa mpya: kila shilingi iliyokusanywa na wengine, Aga Khan aliongeza shilingi nyingine juu yake.

Yafaa kusimama kidogo hapa, kwa maana urahisi wa maneno huficha kazi yake. Chukua mfano wa kijiji kimoja cha Butambala, wilaya ambayo Waislamu ni wengi. Watu wake wataka msikiti wa matofali na mabati badala ya ule wa nyasi. Wakiwa na shilingi 3,000, zilizotoka kwa wakulima wa kahawa na pamba na kwa wachinjaji sokoni, watapata 3,000 nyingine. Wakiwa na 300, watapata 300. Wakiwa na maneno matupu, hawatapata kitu. Kwa hiyo kamati iliyokuwa ikikutana ili kulalamika ilibidi ikutane ili kuhesabu. Mweka hazina alitakiwa, na daftari lilitakiwa, na tajiri wa kijiji aliyezoea kutoa sumni alijua sasa kwamba sumni yake ni shilingi moja kamili. Msaada wa namna hii humheshimu anayesaidiwa, kwani haumwiti maskini bali mshirika.

Lakini ulikuwa na kasoro, na kasoro hiyo huonekana katika mfano huo huo. Kijiji chenye 3,000 kilipata mara kumi ya kijiji chenye 300, hali cha pili ndicho chenye shida zaidi. Shilingi kwa shilingi huwasukuma walio njiani. Walioketi kwa udhaifu huwaacha pale pale. Isitoshe, mtu wa shamba alitoa baada ya kuuza mavuno, na mwaka wa ukame mfuko ulibaki mtupu pande zote mbili.

Jambo jingine la kutajwa kwa uadilifu ni hili. Mtoaji alikuwa Imamu wa Mashia Ismailia, na waliopewa walikuwa takriban wote Masuni wa madhehebu ya Shafi. Misikiti iliyojengwa ilisaliwa kwa sala ya wenyeji wake. Palikuwa na minong'ono, kama iwavyo siku zote fedha zitokapo mbali. Hata hivyo Masuni wale walibaki Masuni.

Katika siku hizo hizo serikali ya Uingereza nayo ilifungua mfuko wake. Sheria ya maendeleo na maslahi ya makoloni ilipitishwa mwaka 1940, na mwaka 1945 ikatengewa pauni milioni 120 kwa miaka kumi, kwa makoloni yote. Chuo cha Waislamu cha Mombasa ni tunda la mifuko kadhaa pamoja: alitoa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Haroub, akatoa Aga Khan, wakatoa Mabohora, na mfuko huo wa makoloni ukatoa. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951 kujifunza ufundi. Kilikusudiwa kwa vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki nzima. Leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, tangu mwaka 2013, na wanafunzi wa dini zote husoma humo. Kazi ya namna hii hakuna mfuko mmoja ungaliiweza.

Aga Khan wa Tatu alifariki Julai 1957 na mjukuu wake akashika nafasi yake. Makao ya Jumuiya yalihamishiwa Dar es Salaam mwaka 1961. Kisha uhuru ulikuja, na maswali mapya yakaulizwa. Je, yafaa jumuiya ya nchi tatu ishike mambo ya Waislamu wa nchi moja? Je, yafaa matajiri wa Kihindi wawe na sauti kubwa katika baraza kwa sababu fedha nyingi ni zao? Nchini Uganda chama kingine cha Waislamu kilianzishwa mwaka 1965 kwa upande wa serikali ya Obote, na Waislamu wakagawanyika upya, safari hii kwa siasa. Nchini Tanzania Jumuiya ilipigwa marufuku Desemba 1968, na BAKWATA ikaundwa mwezi huo huo. Waliolalamika kuhusu sauti ya matajiri walikuwa na haki ya kulalamika. Lakini hapakuwekwa mfuko mwingine mahali pa ule uliofungwa, na shule zilizokuwa zimengojea nusu ya pili ya fedha zao ziliendelea kungoja.

Uganda ulikuja mwaka 1972. Mwezi Juni Idi Amin aliunda Baraza Kuu la Waislamu wa Uganda, na Agosti akatangaza kuwafukuza Wahindi katika siku 90. Miongoni mwa waliopanda ndege walikuwamo Waismailia, ambao jamaa zao walikuwa wametoa shilingi ya pili miaka ishirini kabla. Baraza Kuu lilipewa baadhi ya majengo yaliyoachwa. Kwa macho ilikuwa neema kubwa kuliko yoyote: nyumba za kupangisha, kodi kila mwezi. Lakini mali iliyochukuliwa kwa mwenyewe bila ya ridhaa haiwi wakfu, hata ikiandikwa hati mia. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua mlango wa wenye mali kuzidai, na ugomvi juu ya mali za Baraza, zipi ni zake na nani aliziuza, uliwagawa viongozi kwa miaka mingi.

Vilibaki vitu viwili vya zama hizo vilivyopata mwisho mwema. Ujenzi wa msikiti mkuu juu ya kilima cha Old Kampala ulianza katika miaka ya 1970 na kukwama Amin alipoanguka mwaka 1979. Kuta zilisimama bila ya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini, mpaka Libya ilipotoa fedha. Ukamalizika, ukafunguliwa rasmi mwaka 2008 kwa jina la Gaddafi. Gaddafi aliuawa mwaka 2011, na mwaka 2013 ukaitwa Msikiti wa Taifa wa Uganda. Na katika mkutano wa nchi za Kiislamu mjini Lahore mwaka 1974 iliamuliwa vijengwe vyuo vikuu viwili vya Kiislamu barani Afrika, kimoja Niger na kimoja Uganda. Kile cha Uganda kilifunguliwa Mbale Februari 1988, kikiwa na wanafunzi 80.

Njia ya zamani, hata hivyo, ilirudi, tena kwa kimya. Mapema katika miaka ya 1980 wazee wa Kiislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan wa Nne awasaidie watoto wao, waliokuwa wakiachwa nyuma walipoingia darasa la kwanza. Mwaka 1986 kazi ilianza Mombasa, akiwamo Bi Swafiya Said, mwalimu, kwa kuziunganisha chekechea na madrasa ili mtoto apate dini na msingi wa shule mahali pamoja. Ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Kampala mwaka 1993. Masharti yake yangalitambuliwa na mweka hazina yeyote wa mwaka 1950: kijiji kitoe mahali, kichague kamati, kitoe wanawake wake wenyewe wafundishwe ualimu. Kisha kijiji kilichanga fungu, Wakfu wa Aga Khan ukaongeza fungu lake, na fedha hizo hazikuliwa bali ziliwekezwa pamoja na za vijiji vingine, na gawio lake likasaidia kumlipa mwalimu.