Gamba na Jina: Historia ya Sikio la Bahari katika Visiwa vya Atlantiki

Katika makala haya mafupi tunakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyompa kiumbe mmoja majina mengi kwa kulitazama gamba lake tu. Mwanaisimu naye ana la kujifunza humo.

Kiumbe mwenyewe ni konokono wa bahari anayeshikamana na miamba. Gamba lake ni bapa, lina umbo la sikio, na kandokando yake mna safu ya matundu ya kutolea maji. Carl Linnaeus alimwita Haliotis tuberculata mwaka wa 1758, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya bahari na sikio. Katika visiwa vya Jersey na Guernsey, karibu na pwani ya Ufaransa, wenyeji wanaomla humwita ormer, jina litokanalo na Kilatini auris maris, yaani sikio la bahari. Huonekana pia katika Mediterania, Azores, Madeira na visiwa vya Kanari.

Gamba lake halifanani kila mahali. Huku ni laini, kule lina mikunjo. Kaskazini huwa kubwa, Kanari huwa dogo na mara nyingi jekundu. Kwa hiyo mwaka wa 1822 Lamarck aliyatenga yale ya Mediterania yenye mikunjo, akayaita Haliotis lamellosa. Mwaka wa 1846 Reeve, Mwingereza, aliongeza Haliotis coccinea, yaani mwekundu. Yafaa kukumbusha kwamba Lamarck ndiye aliyefundisha kuwa viumbe hubadilika kwa kufuata mazingira yao. Lakini mabwana hao walipima magamba makavu, mbali na miamba yalikotoka. Mnyama hawakumwona, wala mwani anaoula, ingawa katika jamii hii chakula huathiri sana rangi ya gamba.

Tangu mwisho wa karne ya 20 uchunguzi wa chembe za urithi umeonyesha kuwa lamellosa si spishi nyingine, na yule wa Kanari huhesabiwa kwa kawaida kuwa tawi la spishi ileile. Hata hivyo, tusikimbilie kuunganisha kila kitu: mwaka wa 2014 konokono wa São Tomé na Príncipe alipewa jina kama spishi ya peke yake, Haliotis geigeri. Basi tofauti nyingine ni ya gamba, nyingine ni ya ukoo, na jicho peke yake haliwezi kuzipambanua.

Kiswahili chetu cha Kongo kimepitia njia hiyohiyo. Wengine walikiita Kingwana, wakatazama upatanisho wake wa ngeli, wakakihukumu kuwa lugha iliyoharibika. Hatukatai kwamba tofauti zipo. Lakini hukumu juu ya ukoo wake itolewe baada ya kuwasikiliza wasemaji wa Bunia, Bukavu na Lubumbashi katika mazungumzo yao, wala isitangulie.