Karatasi Iliyogeuka Mtu

Unguja ya karne ya 19 ilikuwa na mizigo mingi kuliko mikono huru ya kuibeba. Pembe, sandarusi na karafuu zilipita mjini kila msimu, na nyumba za wafanyabiashara wa kigeni zilikodi watumwa wa watu wengine kwa siku. Aliyepata kazi alipewa kijikaratasi; alipokirudisha, alilipwa. Sehemu ya ujira huo, mara nyingi nusu, aliipeleka kwa bwana wake. Kijikaratasi hicho, yaani barua ndogo, ndicho kilichoitwa kibarua.

Baadaye jina likamhamia aliyekishika, kisha likaihamia kazi yenyewe. Sarufi bado inatunza safari hiyo: kibarua amefika, lakini kibarua kimekwisha.

Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja na Pemba mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi waliokuwa watumwa waliukumbatia ukibarua. Wenye mashamba na maofisa wa kikoloni walinung'unika kwamba watu hawa ni wavivu, hawataki mikataba mirefu. Uvivu gani? Anayelipwa leo anaweza kuondoka kesho, na hilo mtumwa hakuwa nalo.

Bandarini walikuwapo mahamali, jina litokalo kwenye neno la Kiarabu la kubeba, na makuli. Kuli lilitujia kutoka India. Wako wanaolihusisha na Wakoli wa Gujarat, na wako wanaolitoa kwenye neno la Kitamil lenye maana ya ujira. Vyovyote iwavyo, Wazungu walilitumia kwa dharau. Mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukafuata reli hadi bara. Mwaka huohuo Mombasa nayo ilikuwa imesimama kwa mgomo mkuu, na mwaka uliofuata ikawa zamu ya wapakizi wa Unguja.

Maneno ya chomboni yalikuwa na bahati zaidi. Nahodha, neno la Kiajemi la bwana wa chombo, siku hizi huongoza pia timu ya mpira. Rubani, aliyejua miamba na nyota, amepanda hadi kwenye ndege. Hata baharia amekuwa sifa ya kijana mjanja vijiweni. Kuli hakupandishwa cheo hata kidogo.

Kibarua, tofauti na kuli, kimejipenyeza kwenye kazi za fahari kwa mlango wa nyuma: kocha anayelipwa mamilioni akitimuliwa, magazeti ya michezo huandika kwamba kibarua chake kimeota nyasi.