Tumbawe Pweke la Bahari Baridi

Ukitaja matumbawe, mtu wa pwani huiona miamba ya Mafia au Watamu: maji ya uvuguvugu, jua tele, na viumbe maelfu walioshikamana. Istilahi “tumbawe pweke la bahari baridi” inamhusu jamaa yao aishiye kwingine kabisa. Ni polipu mmoja mwenye kiunzi chake mwenyewe cha chokaa. Mwilini hana mwani wa kumtengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kwa hiyo hunasa kwa minyiri yake vijikamba na viumbe wengine wadogo wanaoletwa na mkondo.

Anayefahamika zaidi ni Desmophyllum dianthus. Kiunzi chake ni kama kikombe kilichopanuka mdomoni. Ukichungulia ndani utaona vibao vyembamba vya chokaa vimesimama wima kutoka ukingoni kuelekea katikati, vikubwa na vidogo vikipokezana. Hukua polepole mno, na chokaa yake hutunza kumbukumbu ya maji aliyoishi. Mwaka 1998 Jess Adkins na wenzake walipima urani na kaboni katika viunzi vya namna hii, wakaonyesha kwamba maji ya kina ya Atlantiki ya Kaskazini yalibadilika ghafla miaka 15,400 hivi iliyopita.

Sasa jina. Nachagua “pweke”, wala si “pekee”, kwani hayuko mmoja tu duniani. Mara nyingi chipukizi hutua juu ya kiunzi cha mkubwa, vikombe vikapandana kama kichaka. Hata hivyo kila polipu ana mwili wake, hawaungani. Upweke huu ni wa mwili, si wa makazi.

Ugumu uko kwenye sehemu ya pili ya jina, ambayo mtu angeweza kuiita “maji baridi”. Samaki wa maji baridi, kwetu, ni sato na sangara wa ziwani, yaani wa maji yasiyo na chumvi. Anayesoma “tumbawe la maji baridi” ana haki ya kudhani linaishi Ziwa Victoria, ilhali hakuna tumbawe la ziwani. Wengine watapendekeza “la kina kirefu”. Nalo halitoshi: katika fiodi ya Comau, kusini mwa Chile, Desmophyllum hupatikana kwenye mita 20 hivi, mpiga mbizi humfikia bila shida. “Bahari baridi” inaeleza chumvi na ubaridi kwa pamoja, na inamfaa huyo wa Comau sawasawa na tumbawe pweke jingine, Fungiacyathus, anayefika kina cha zaidi ya mita 6,000.