Habari Hadi Shule ya Mwisho: Historia Fupi ya Chama cha Walimu Mbeya na Iringa

Chama cha Walimu Tanzania (CWT) katika mikoa ya Mbeya na Iringa ni sehemu ya chama cha kitaifa kilichoanzishwa tarehe 1 Novemba 1993. Chama hicho kina ngazi nne: mahali pa kazi, yaani shule au chuo, wilaya, mkoa, na taifa. Pamoja na kudai maslahi, kazi yake ya kila siku ni kumfahamisha mwanachama haki zake, wajibu wake na yale yanayoendelea kati ya chama na mwajiri. Katika Nyanda za Juu Kusini kazi hiyo haijawahi kuwa nyepesi. Shule zimetawanyika kuanzia miteremko ya Rungwe na milima ya Kilolo hadi mbuga za Usangu na nyika za Chunya, na nyingi ziko mbali na barabara kuu iendayo Zambia.

Kabla ya chama

Kanda hii ilikuwa na walimu muda mrefu kabla hawajawa na chama chao. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na kabla karne ya 19 haijaisha Wakatoliki walikuwa wameanza misheni Tosamaganga, karibu na Iringa. Serikali ya kikoloni nayo ilifungua shule ya Malangali mwaka 1928. Kila mwajiri alikuwa na masharti yake. Mwalimu wa misheni na mwalimu wa serikali waliweza kufanya kazi ile ile kwa mishahara na taratibu tofauti. Chama cha watumishi Waafrika wa serikali, kilichoanzishwa Tanga mwaka 1922 na Martin Kayamba, kiliwalenga walioajiriwa na serikali. Mwalimu wa misheni alibaki nje.

Mwaka 1962, mara baada ya uhuru, serikali iliunda utumishi mmoja wa walimu ili masharti ya kazi yafanane. Tangu hapo jambo lililomgusa mwalimu wa Tukuyu likawa linamgusa pia mwalimu wa Mufindi, na haja ya kupata habari moja kwa wakati mmoja ikaanza kuonekana.

NUTA, JUWATA na OTTU

Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, vyama huru vya wafanyakazi vilivunjwa na sheria ikaunda chama kimoja cha nchi nzima, NUTA. Walimu waliwekwa katika sehemu yao ndani ya chama hicho. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia waziri wa kazi. Mwanachama alipata habari kupitia gazeti la chama, Mfanyakazi, na kupitia mikutano iliyoitishwa na viongozi. Habari zilishuka kutoka juu kwa urahisi kuliko malalamiko yalivyopanda kutoka shuleni.

Hali hiyo haikubadilika sana NUTA ilipoipisha JUWATA mwaka 1978, ikiwa jumuiya ya Chama cha Mapinduzi. Wakati huo huo idadi ya walimu ilikuwa inakua haraka. Azimio la Musoma la 1974 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa 1977 vilileta shule mpya vijijini na walimu waliopata mafunzo ya muda mfupi. Wengi wao walianza kazi wakiwa hawana wa kuwaeleza habari za likizo, uhamisho wala kupanda daraja isipokuwa mwalimu mkuu, ambaye naye ndiye aliyekuwa mwakilishi wa mwajiri.

Sheria ya 1991 iliunda OTTU, umoja wa vyama vya wafanyakazi, na mjadala wa vyama vya wafanyakazi kujitenga na chama tawala ukapata nguvu. Walimu walikuwa miongoni mwa waliotaka chama chao wenyewe, nacho kikapatikana mwaka 1993. Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, ilikamilisha mabadiliko hayo. Margaret Sitta alikiongoza CWT akiwa rais wake kabla ya kuteuliwa kuwa waziri wa elimu mwaka 2006.

Mwakilishi wa shule

Kiungo muhimu cha habari ni mwakilishi anayechaguliwa na walimu wenzake shuleni. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imempa nafasi hiyo: palipo na wanachama wasiozidi tisa huchaguliwa mwakilishi mmoja, kuanzia 10 hadi 20 huchaguliwa watatu, na kuanzia 21 hadi 100 huchaguliwa kumi. Kwa hiyo hata shule ya kata yenye walimu saba inaweza kuwa na mtu wa kupokea barua ya wilaya, kuisoma ofisini wakati wa chai, kuibandika ubaoni na kurudisha maswali.

Maswali hayo hujirudia: malimbikizo ya mishahara, fedha za likizo, gharama za uhamisho na matibabu, madaraja yaliyochelewa. Mengine yanahusu nidhamu, na hapo kutojua utaratibu kunaweza kumponza mwalimu. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya 2015 na kuanza kazi mwaka 2016, ndiyo inayoshughulikia ajira, madaraja na nidhamu ya walimu wa shule za umma kupitia ofisi zake za wilaya. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka huo wa 2016, mtumishi wa umma hulazimika kumaliza kwanza njia za rufaa zilizomo ndani ya utumishi wa umma kabla ya kukimbilia vyombo vya sheria za kazi. Mwalimu wa shule binafsi aliyeachishwa kazi, kwa upande wake, ana siku 30 tu za kufikisha mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayegonga mlango usiokuwa wake, au anayeufikia akiwa amechelewa, anaweza kupoteza haki aliyokuwa nayo.

Wajibu nao ni sehemu ya habari hizo. Kanuni za adhabu ya viboko za 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi. Oktoba 2016, picha za video za walimu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha wakimpiga mwanafunzi wa Sekondari ya Kutwa ya Mbeya zilienea nchi nzima, na kanuni hizo zikarudi kwenye mazungumzo ya kila ofisi ya walimu.

Mgomo wa 2012

Jaribio kubwa la mtandao huo wa habari lilikuja tarehe 30 Julai 2012, CWT ilipoitisha mgomo wa nchi nzima. Madai yalikuwa nyongeza ya mshahara ya asilimia 100, posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wa sanaa, na posho ya mazingira magumu ya asilimia 30. Tarehe 2 Agosti, Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi iliamua kuwa mgomo haukufuata sheria, na Rais wa CWT, Gratian Mukoba, akawatangazia walimu warudi kazini. Katika siku hizo chache, mwalimu wa kijijini alihitaji kujua mambo mawili bila kukosea: kama mgomo umeanza, na kama umesitishwa. Redio na simu za mkononi zilifika kabla ya barua.

Mwaka huo huo mkoa wa Njombe ulimegwa kutoka Iringa, na mwaka 2016 Songwe ikatoka Mbeya. Wilaya za Makete na Ludewa hazikuwa tena chini ya Iringa, wala Mbozi na Ileje chini ya Mbeya. Safari za kwenda ofisi ya mkoa zilipungua urefu.

Mishahara, pensheni na Mei Mosi

Mikoa hii miwili ilipokea sherehe za Mei Mosi kitaifa kwa kufuatana: Iringa mwaka 2018 na Mbeya mwaka 2019. Rais John Magufuli aliahidi kupandisha mishahara kabla hajaondoka madarakani. Mei 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliridhia nyongeza ya asilimia 23.3. Kiwango hicho kilikuwa cha kima cha chini. Walimu wengi, wakiwa juu ya kima hicho, waliona nyongeza ndogo zaidi katika hati zao za mshahara za Julai, na manung'uniko yakafuata.

Suala la kikokotoo cha pensheni lilihitaji maelezo marefu zaidi. Mifuko ya watumishi wa umma iliunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018. Kanuni mpya zilishusha malipo ya mkupuo ya waliokuwa wakipata asilimia 50 hadi 25, Rais Magufuli akazisitisha Desemba 2018, kiwango kikawekwa asilimia 33 kuanzia Julai 2022, kisha kikapandishwa hadi 40 katika bajeti ya 2024/25. Mwalimu aliyekaribia miaka 60 hakuweza kupanga maisha yake bila kuzifuata hatua hizo moja moja.

Ada na uwajibikaji

Chama huendeshwa kwa makato ya asilimia mbili ya mshahara. Mwalimu hujiunga kwa fomu TUF 6 na hujitoa kwa fomu TUF 15. Sheria inaruhusu chama chenye wanachama wengi kukata ada ya uwakala hata kwa asiyekuwa mwanachama, na hilo limezua malalamiko ya muda mrefu. Walimu wamedai taarifa za mapato na matumizi, pamoja na maelezo kuhusu miradi kama jengo la Mwalimu House lililopo Ilala na Mwalimu Commercial Bank, ambayo hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2015. Kutokea kwa chama kingine cha walimu, CHAKUHAWATA, kumewapa walimu njia ya kulinganisha.

Njia za sasa

Leo hati ya mshahara, ombi la uhamisho na upimaji wa utendaji kazi vyote viko kwenye mifumo ya kielektroniki ya serikali, na matangazo ya chama hufika katika makundi ya WhatsApp ndani ya dakika chache. Uvumi nao hupita njia hiyo hiyo. Kazi ya mwakilishi wa shule imehama kutoka kuleta barua hadi kuthibitisha ipi ni ya kweli, kumwonyesha mwenzake namna ya kuingia kwenye mfumo, na kufikisha wilayani malalamiko ambayo mfumo haujayajibu.