Ramani ya ufaulu wa shule za msingi Tanzania

Ramani ya ufaulu wa shule za msingi ni ramani inayoonyesha kwa rangi matokeo ya mitihani ya wanafunzi kufuatana na mkoa, halmashauri au shule. Tanzania Bara ramani hizo hutokana hasa na Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, unaofanywa darasa la saba chini ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoanzishwa mwaka 1973.

Takwimu

Kila shule ina namba ya mtihani inayoanza na herufi PS, ikifuatwa na tarakimu za mkoa, halmashauri na shule yenyewe, hivyo matokeo ni rahisi kuyapanga kijiografia. Ugumu uko katika kulinganisha miaka. Tangu mwaka 2021 mtihani una masomo 6 na jumla ya alama 300 badala ya 250. Mipaka nayo hubadilika: mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na wilaya ya Kaliua ikamegwa kutoka Urambo.

Mfano wa Tabora

Katika ramani ya mikoa, Tabora hupata rangi moja tu, ingawa ndio mkoa mkubwa kuliko yote kwa eneo (km² 76,151) na una halmashauri 8: Igunga, Kaliua, Nzega, Nzega Mji, Sikonge, Tabora Manispaa, Urambo na Uyui. Mtoto wa kata ya Ng'ambo anaishi ndani ya manispaa, katika mji wa njia ya kale ya misafara na wa Shule ya Wavulana Tabora alikosoma Julius Nyerere. Mwenzake wa Kaliua au Sikonge anaweza kuishi kijiji cha wakulima wa tumbaku au wafugaji katikati ya miombo, mbali na shule. Wastani wa mkoa hauwahusu vizuri wote wawili.

Kuna pia watoto wasioonekana kabisa. Aliyeacha shule darasa la tano hana matokeo, kwa hiyo hashushi wastani wa shule yake. Kwa sababu hiyo upimaji wa Uwezo, ulioanza Tanzania mwaka 2010 kwa kufuata mfano wa ASER ya India, ulifanyika majumbani: watoto walisomeshwa hadithi fupi na kupewa hesabu za kiwango cha darasa la pili, wawe wanasoma shule au la.

Shule kupewa rangi

Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kupanga shule kwa nafasi na kuzipa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza utaratibu huo. Waliona kwamba shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, lakini pia idadi ya wanafunzi wao waliofika kwenye mtihani ilipungua. Yaani rangi ilipendeza huku baadhi ya watoto wakitoka kwenye hesabu.

Januari 2023, ilipotoa matokeo ya kidato cha nne, NECTA ilitangaza kuacha kutaja shule na wanafunzi bora kwa hoja kwamba hakukuwa na tija. Matokeo ya kila shule yameendelea kuwekwa katika tovuti yake.