Goti Linalosaga: Historia Fupi ya Gegedu la Pia ya Goti

Ukichuchumaa kupalilia halafu ukanyanyuka, goti linasaga kama lina mchanga ndani? Na maumivu yako mbele, nyuma ya pia ya goti, yanazidi ukishuka mteremko? Mtaani utaambiwa "mafuta ya goti yameisha". Hapana. Mara nyingi anayeshukiwa ni gegedu, lile tabaka jeupe, laini, linaloifunika pia kwa ndani.

Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Mwaka 1743 William Hunter, Mskoti, aliwaambia wanasayansi wa London kwamba likishaharibika halirudi. Sentensi hiyo imewasumbua madaktari hadi leo.

Shida ya kwanza ilikuwa kuliona. Röntgen alipogundua mionzi ya eksirei mwaka 1895, mifupa ilionekana, gegedu halikuonekana. Ndiyo maana ukiambiwa picha "iko safi", bado goti linaweza kuwa na tatizo. Mwaka 1918 Kenji Takagi wa Tokyo alichungulia goti la maiti kwa darubini ya kibofu cha mkojo (wazo la ajabu, lakini lilifanya kazi). Mwaka 1961 Outerbridge akapanga uharibifu kwa madaraja manne: la kwanza gegedu limelainika na kuvimba, la nne mfupa uko wazi kabisa.

Kutibu kukawa kugumu zaidi. Mwaka 1994 Waswidi, Brittberg na wenzake, walitoa taarifa ya kuotesha seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe na kuzirudisha gotini. Kwenye mfupa wa paja, 14 kati ya 16 walipata matokeo mazuri. Kwenye pia ya goti je? 2 kati ya 7. Mbinu zimeboreshwa tangu hapo, ila pia imebaki sehemu korofi, kwa sababu inabeba mzigo mkubwa kila unapokunja goti.

Sasa njoo Mpanda. Katavi ni mkoa tangu 2012 tu, na taasisi ya mifupa ya MOI, iliyoundwa kwa sheria ya 1996, iko Dar es Salaam. Kwa treni unapita Kaliua na Tabora (tawi la Mpanda hadi Kaliua lilijengwa kwa ajili ya madini ya risasi, si wagonjwa). Je, uuze magunia ya mahindi upate nauli ya kwenda kupiga MRI?

Kwa maoni yangu, kwa wengi bado. Maelezo yako, mikono ya daktari na kuchuchumaa mbele yake vinatosha kuanzia. Tiba ya kwanza ni kuimarisha misuli ya paja na nyonga na kupunguza mzigo kwa muda, na hiyo huchukua wiki hadi miezi, siyo siku tatu. Lakini goti likikwama lisinyooke, likivimba ghafla baada ya kuumia, au pia ikiruka pembeni, usisubiri mazoezi: hapo safari ina sababu. Na goti likivimba, likiwa la moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.